Kisanduku Kisichotoa Mshale

Nesi Nyamizi aliingia chumba cha Ukuta na vumbi la Mtaa wa Saba miguuni, akasimama mbele ya mchoro wetu, akaanza kuutazama kuanzia kushoto, taratibu, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani yaliyobandikwa.

Tulikuwa watatu mle ndani. Bi Theopista, mkuu wetu, aliyewafundisha nusu ya wachoraji wa mji wa Visima Vinane, alikuwa mezani. Chiwanga, mtu wa vipimo vya maji, alikuwa juu ya ngazi akinyoosha mshale uliopinda. Mimi nilikuwa namalizia uji wangu kwenye kopo, kwa sababu mtu anayenyonyesha huwa na njaa ya ajabu saa nne asubuhi.

"Shikamoo, Bi Theopista."

"Marahaba, nesi. Karibu. Leo umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja mwenyewe. Nionyesheni watoto wako wapi."

Chiwanga akacheka kule juu. "Nesi, huu ni mchoro, si picha ya harusi. Hutamwona mtu na shela."

"Najua ni mchoro, kaka. Naona pampu. Naona mbuzi wa Mtaa wa Tatu, wana kisanduku chao kizuri kabisa. Sabuni nayo ipo. Watoto wa chumba cha malezi siwaoni."

"Wapo," nikasema. Nikaweka kopo chini, nikaenda kumwonyesha. "Kule chini, jirani na maziwa ya unga."

Ukuta wetu una urefu wa hatua kumi na nane, na sehemu ya chini ni ya kuchuchumaa. Nikachuchumaa. Nikafuata kwa kidole: Maziwa ya unga, halafu Zamu za pampu. Katikati palikuwa peupe, pasafi, kama mahali palipokuwa na picha ikaondolewa.

Nikabonyeza kidole gumba pale peupe. Ukuta hukumbuka kila kilichowahi kuchorwa juu yake, ukiuliza kwa kidole unakuonyesha. Kikatokea kisanduku chembamba cha kijivu: *Watoto wachanga, chumba cha malezi.* Mishale saba ilikuwa ikikiingia. Maji, maziwa, sabuni, joto, dawa, mlezi, usingizi wa mama. Hakukuwa na hata mmoja uliotoka. Chini yake palikuwa na tarehe ya kufutwa, siku arobaini na moja nyuma, na alama ya dole la aliyefuta. Dole lile lilikuwa na kovu lililokatisha katikati. Kovu hilo nililipata nikikata nyanya, nikiwa na mimba ya Atupele.

"Nani alifuta?" Nyamizi akauliza nyuma yangu.

Nikainua kidole. Kisanduku kikapotea.

"Ngoja tuangalie," nikasema.

Nyamizi akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni lake la kazi, akatoa kifungu cha vitambaa vyembamba, akavimwaga mezani mbele ya Bi Theopista. Kila mtoto wa chumba cha malezi hufungwa kitambaa mkononi asubuhi mama yake anapomwacha, chenye jina, ili jioni wasichanganywe. Vitambaa vile ni vidogo mno. Kimoja kingeweza kuzunguka vidole vyangu viwili tu.

"Walikuwa thelathini na wanne," akasema. "Hawa ni kumi na mmoja. Huyu ni Sikudhani. Huyu Mbonea. Huyu alikuwa hajapewa jina bado, walimwita Kadogo. Wote ni kuhara. Bomba la chumba cha malezi lilikauka ghafla, walezi wakaanza kukorogea maziwa kwa maji ya kufulia. Nimeandika taarifa mara nne. Majibu yanarudi yaleyale: kisanduku hakijulikani."

Chiwanga akashuka ngazi.

* * *

Ukuta haujui mji. Unajua mchoro. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu huusoma mchoro wote, huona kipi kinasukuma kipi, kisha hufungua na kufunga koki za mitaa minane ili mji uendelee kuishi hadi kesho yake. Hakuna mkono wa mtu unaogusa koki, na kubeba maji kuyatoa mtaa mmoja kuyapeleka mwingine ni kosa la kufukuzwa mjini. Watu walilikubali hilo kwa sababu moja tu: mchoro uko wazi, na kila anayetaka anaweza kuingia, akauliza, akaelezwa mpaka aelewe.

Kuelezwa kwenyewe kuna utaratibu. Mtu akitaka kuchora mshale, husimama akausimulia kwa maneno ya kawaida, kama anayemweleza shemeji yake. Kisha mtu wa kazi nyingine kabisa huurudia kwa maneno yake mwenyewe. Asipoweza kuurudia, mshale haukai, hata kama aliyeuleta ana shahada tano. Hivyo ndivyo mtu wa maji, mtu wa mbuzi na mtu wa dawa walivyoweza kufanya kazi pamoja bila kudharauliana. Mimi mwenyewe nilikuwa mama wa pampu. Nilijifunza kuchora kwenye masomo ya jioni, na siku nilipousimulia mshale wangu wa kwanza, profesa mmoja wa udongo akaurudia kwa maneno yake bila kukwama, nilirudi nyumbani nikitembea kama nimevaa viatu vipya.

Lakini mchoro ulinenepa. Ulifika mahali ukawa kama nywele za mtu aliyelala vibaya, watu wakawa wanautazama na kutikisa kichwa tu, bila kuelewa. Ndipo Bi Theopista akaleta kufagia. Kila mwisho wa mwezi tunatafuta visanduku vinavyopokea mishale na havitoi, tunavifuta, kwa kuwa kuviondoa hakubadilishi hesabu ya kitu kingine chochote. Mbuzi walibaki. Mbuzi hutoa mbolea, na mbolea huenda kwenye mboga.

Siku ile ya kufagia nilikuwa na wiki ya kwanza kazini tangu nijifungue. Blauzi yangu ilikuwa imelowa maziwa kifuani na nilikuwa naona aibu. Nilikumbuka vizuri. Nilifika kwenye kile kisanduku, nikauliza kwa sauti, "Hiki kinatoa nini?" Chiwanga akajibu, "Kinatoa mavi," tukacheka wote, na mimi nikacheka, nikaweka dole.

"Ni mimi," nikasema sasa.

Nyamizi akageuka.

"Aliyefuta ni mimi, nesi. Dole ni langu. Niliona tangu mwanzo nikaondoa kidole usilione."

Alinitazama kwa muda. Macho yake yakashuka hadi kifuani pangu, kwenye kanga niliyojifunga juu ya blauzi kuzuia maziwa, yakarudi usoni.

"Una mtoto," akasema.

"Miezi sita."

"Anaishi wapi?"

"Mtaa wa Kwanza. Ananyonya, hajaanza maziwa ya unga."

"Haya," akasema. Basi. Nilitamani anitukane.

"Aliyeurudia ufagiaji ule ni mimi," Bi Theopista akasema, akiwa anavipanga vile vitambaa kimoja kimoja. "Mwanangu, usijibebeshe peke yako. Sasa turudishe kisanduku. Kilichofagiwa hakirudi mpaka kipate mshale mmoja unaotoka. Mmoja wa kweli."

Tukavuta viti.

"Mtoto wa miezi mitatu anafanya nini?" Chiwanga akauliza. Safari hii hakuwa anatania. "Ananyonya, analia, analowesha."

"Akilia, mama halali," nikasema. "Mama asipolala, zamu ya pampu inalegea. Huo hapo mshale."

Bi Theopista akatikisa kichwa. "Huo unasema mtoto akiwepo, pampu inapungua. Ukiuchora huo, Ukuta utaona ni afadhali wasiwepo."

"Basi tuugeuze," nikasema. "Mtoto akifa, mama haji kazini. Pampu inapungua kwa sababu hayupo."

Huo ulikuwa mshale mzuri. Niliuona umekaa sawasawa kabisa kichwani mwangu. Wote tukamgeukia Nyamizi aurudie, na yeye akawa anautazama ukucha wa kidole chake.

"Wanakuja," akasema.

"Wanakuja wapi?"

"Kazini. Wanazika, siku ya tatu wanakuja. Asiyeingia zamu nyumba yake haipati ndoo, na wana wengine nyumbani. Mama yake Sikudhani alikuja siku ya pili. Nilimkuta kwenye mpini wa pampu anakamua maziwa kwenye kitambaa, anaendelea kusukuma."

Chiwanga akafungua vipimo vya pampu vya siku arobaini na moja. Mstari ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Watoto kumi na mmoja walikuwa wamekufa na hakuna tone lililopungua.

"Tubadilishe kanuni ya kufagia," nikasema.

"Baraza la mitaa minane," Bi Theopista akajibu. "Tangazo, halafu siku ishirini na moja. Nitalipeleka leo leo. Lakini ni siku ishirini na moja."

"Kwa siku ishirini na moja," Nyamizi akasema, "nitafungua vitambaa vingi sana, mama."

* * *

Mchana Bi Theopista alipokwenda kupeleka tangazo, na Nyamizi akajilaza kwenye benchi la nje kwa kuwa alikuwa hajalala siku mbili, Chiwanga alivuta kiti chake karibu na changu.

"Mama Atu, nisikilize. Maji ya nepi."

"Yana nini?"

"Nepi zikifuliwa, maji yanakwenda kwenye chujio. Chujio linapoza pampu. Watoto wakiwa wengi, nepi nyingi, pampu inapoa. Unasimulia wewe, narudia mimi. Nitaurudia vizuri mpaka Bi Theopista atoe machozi."

"Maji ya nepi za watoto thelathini hayawezi kupoza hata kikaango."

"Najua."

"Na Ukuta utaupima siku tatu. Mshale usipoonekana kwenye vipimo, unafutwa pamoja na kisanduku, na kisanduku hakirudi mwaka mzima."

"Vipimo ni vyangu, Mama Atu. Nasogeza sindano ya kipimo cha chujio kwa upana wa unywele. Kila siku. Nitafanya hivyo mpaka nistaafu." Akaangalia mezani, kwenye vitambaa. "Mimi ndiye niliyesema kinatoa mavi."

Sijui kama mtu ambaye hakuwa hapa Mwaka wa Mapanga anaweza kuelewa kwa nini sikusema ndiyo papo hapo. Ulianza na mshale mmoja wa uongo. Mchoraji mmoja, mtu mpole, aliuchora ili mtaa wa mama yake usikauke, na kwa miezi minne haukukauka. Ulipogundulika, hakuna aliyeuliza ni mshale gani. Watu walisema basi yote ni uongo, wakaenda kwenye visima na mapanga. Kaka yangu Ambokile alitoka na ndoo asubuhi. Jioni tukaletewa ndoo.

Na bado, nakiri, nilishika chaki. Nilisimama mbele ya pale peupe nikiwa nimeishika. Niliwaza hivi: uongo huu utasimama juu ya mkono wa mtu mmoja. Chiwanga akiugua wiki moja, watoto wanakauka, na mji unajua tumedanganya. Halafu nikawaza: lakini wiki hiyo bado haijafika, na hawa watoto wapo leo. Nilizungusha hivyo mpaka jua likahama dirisha moja kwenda jingine. Kifua kilikuwa kinaniuma. Ilikuwa saa ya Atupele kunyonya.

Nikautazama mchoro wote, hatua kumi na nane. Pampu, mbuzi, sabuni, upepo, walinzi, mazishi, mpaka kunguru wa dampo. Kila kitu cha Visima Vinane kilikuwa pale.

"Chiwanga," nikasema. "Sisi tuko wapi?"

"Sisi nani?"

"Wachoraji. Hatumo."

"Tuchorwe wapi, sisi ndio tunaochora."

Chini kabisa ya Ukuta kuna sahani tatu ndogo za chuma. Kila asubuhi, kabla maji hayajatoka, wachoraji watatu huweka vidole gumba pale. Kidole maana yake ni: nimeusoma, nimeuelewa. Kimoja kikikosekana, Ukuta haufungui koki hata moja, mtaa wowote, mpaka kesho yake. Katika miaka sita hakuna aliyewahi kukosa. Tulikuwa tunaweka vidole tukiwa tunapiga miayo.

* * *

Bi Theopista aliporudi alinikuta nimesimama katika nafasi ya msimuliaji, Nyamizi amekaa mbele yangu. Kisanduku cha watoto nilikuwa nimekichora upya. Mbele yake kulikuwa na kisanduku kingine kidogo: *Kidole cha Sekela.*

"Nasimulia," nikasema. "Mtoto wa chumba cha malezi akifa kwa kukosa maji, asubuhi inayofuata mimi siwezi kuweka kidole kusema nauelewa mchoro huu. Siuelewi mchoro unaofanya hivyo. Nisipoweka kidole, mji wote haupati maji siku hiyo. Kwa hiyo mtoto akifa, mji unakauka. Huo ndio mshale."

"Sekela," Bi Theopista akasema. Huniita jina langu mara chache sana. "Huo si mshale. Huo ni utekaji. Hapa kuna watu elfu tisa."

"Mwalimu, pale juu tumechora kwamba akina mama wa pampu wakiacha mpini, mji unakauka. Nani aliuita huo utekaji?"

"Wao hawajaacha."

"Ndiyo maana wanapata ndoo."

Chiwanga alikuwa ameegemea ngazi, ameshika kichwa.

"Na ni kweli?" Bi Theopista akauliza polepole. "Maana ukiuchora bila kuumaanisha, ni uongo tu kama uongo mwingine. Mtoto akifa kesho, utakaa na mkono wako? Na wa kwako nyumbani hana maji?"

"Ndiyo."

"Rudia hilo ukiwa unanitazama."

Nikamtazama. "Ndiyo, Mwalimu."

Kanuni inasema mtu wa kazi nyingine. Haisemi awe mchoraji. Nyamizi akasimama, akaweka mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Mtoto wangu mmoja akifa kwa maji," akasema, "huyu dada atakunja mkono, na kila mtu atajua kiu ya yule mtoto. Basi Ukuta utakuwa na sababu ya kutaka asife." Akafikiri. "Nimeurudia sawa?"

"Sawa," nikasema, nikaweka dole. Mshale ukashika, mwembamba kama unywele, wa kijivu, rangi ya mshale ambao bado haujapimwa.

* * *

Saa kumi na mbili asubuhi Nyamizi alikuwa mlangoni. Hakusalimia. Mkononi alikuwa na kitambaa kimoja.

"Alfajiri," akasema. "Penzila. Jana jioni alikuwa ananichekea."

Chiwanga alikaa kwenye ngazi. Kisha akasema haraka haraka, kama mtu anayeziba bomba lililopasuka: "Huyo aliugua kabla. Mshale ulichorwa jana, yeye ameugua juzi. Hahesabiki. Mama Atu, huyo hahesabiki. Weka kidole, tuanze kuhesabu leo."

Bi Theopista akainama, akaweka kidole chake. Sahani ya kwanza ikawaka. Chiwanga akaweka chake, huku ananitazama. Ya pili ikawaka.

Hoja yake ilikuwa nzuri. Ningeweza kuisimulia na mtu yeyote angeirudia. Nyumbani, kwa jirani, nilikuwa nimemwacha Atupele amelala kifudifudi, mguu mmoja nje ya shuka, na sufuria yetu ya maji ilikuwa na kiasi cha kufunika kiganja. Mtaa wa Tano kuna wazee wa figo. Mtaa wa Saba kwenyewe kulikuwa na watoto ishirini na wawili ambao leo wasingepata hata yale maji ya kufulia. Nikiweka kidole, wote hao wangekunywa. Na mshale ungekuwa uongo tangu siku yake ya kwanza, Ukuta ungeufuta pamoja na kisanduku, mwaka mzima.

Niliingiza mikono kwapani, nikaibana.

Saa kumi na mbili na nusu ikafika, ikapita. Nilisikia mabomba ndani ya kuta yakivuta pumzi kama yanavyofanya kila asubuhi kabla ya maji, halafu pumzi ile ikarudi nyuma, ikashuka chini, ikaisha. Sahani mbili zikazimika.

Kwenye Ukuta, ule mshale wa kijivu ukatikisika. Ukawa mweusi. Ukanenepa taratibu, mpaka ukawa mpana kuliko mshale wa pampu, mpana kuliko wote tuliowahi kuuona, na mistari ya buluu ya maji ikaanza kugeuka upande wa chini, mmoja baada ya mwingine, ikitafuta kisanduku cha watoto. Ukuta uliandika mpango wa kesho. Mstari wa kwanza: chumba cha malezi, Mtaa wa Saba.

Kesho.

"Mungu wangu," Bi Theopista akasema kwa sauti ndogo. Akakaa chini kwenye sakafu, mama wa miaka sitini, miguu mbele.

Nyamizi alikuwa tayari anafunga mkoba. "Nina ishirini na wawili na siku nzima mbele," akasema. "Mna nini humu?"

Chiwanga akaleta chupa yake ya maji ya jana, akijua kuyavusha mtaa ni kosa la kufukuzwa. Bi Theopista akanyoosha mkono na kutoa ya kwake chini ya meza. Mimi sikuwa na chupa. Kanga yangu ilikuwa imelowa mpaka tumboni.

"Twende wote," nikamwambia Nyamizi. "Tumpitie wangu kwa jirani, nimbebe. Sijui maziwa yangu yatatosha wangapi, lakini haya hayatoki kwenye bomba."

Akanitazama vile alivyonitazama jana. Kisha akanishikisha mkoba.

Kutoka chumba cha Ukuta hadi Mtaa wa Saba lazima upite mitaa sita. Nje watu walikuwa wameshajipanga kwenye bomba la Mtaa wa Kwanza, na ndoo ya kwanza ilikuwa inagongagonga koki kavu. Aliyeishika ni Mama Mwidadi, jirani yangu, yuleyule niliyemwachia mtoto, Atupele akiwa mgongoni mwake.

"Mama Atu," akasema, "afadhali umetoka. Maji vipi leo?"

Nyuma yake foleni nzima ikanyamaza isikie. Nikanyoosha mikono, akanipa mtoto wangu. Nikamfunga mgongoni, nikakaza kanga, nikasimama kama tunavyosimama mbele ya Ukuta.

"Nakusimulia," nikamwambia. "Mtoto wa Mtaa wa Saba akifa kwa kukosa maji..."

Nikausimulia wote, mpaka mwisho, mpaka kwenye mkono wangu. Kisha nikanyamaza, nikangoja aurudie.